Mteremko Huamuliwa Juu: Mwongozo kwa Dereva wa Lori Njia za Milimani

Lori likipinduka mlimani, taarifa huwa fupi: limefeli breki. Maneno hayo hayamuudhi mtu, kwa sababu lawama yote inabebwa na chuma. Dereva mzoefu wa njia ya Tunduma akiyasikia huuliza jambo jingine: alianza kushuka na gia namba ngapi?

Zipo breki zinazokatika ghafla, mpira wa upepo ukachomoka au dramu ikapasuka. Hizo ni chache. Breki nyingi zinazoitwa zimefeli zimechoshwa, na zimechoshwa na uamuzi uliofanywa kilomita kadhaa nyuma, juu ya mlima, mahali ambapo dereva bado alikuwa na nafasi ya kusimama, kushuka kwenye kichwa na kuzunguka gari lake. Mwongozo huu ni kwako unayebeba mzigo mzito Kitonga, Sekenke, Nyang'oro, Inyala, Iwambi au Senjele, na kwa utingo anayejifunza usukani akiwa kiti cha pembeni. Wa Salgaa na Mai Mahiu upande wa Kenya, na wanaoshuka milima ya Burundi na Kivu, nao watajikuta humu. Milima ina majina tofauti lakini uzito unashuka kwa kanuni ile ile.

Kinachotokea ndani ya gurudumu

Breki haifuti mwendo. Inaugeuza kuwa joto. Lori la tani 50 likishuka kimo cha mita 300, breki za magurudumu zikiachiwa kazi yote peke yake, hutoka joto la kutosha kuchemsha mapipa mawili ya maji ya lita 200 kila moja. Joto hilo linabanwa ndani ya dramu na shuu zake, na njia ya kutoka ni hewa inayopita magurudumuni. Ukishuka haraka, joto lote linazalishwa kwa muda mfupi na dramu hazipati nafasi ya kupoa. Ukishuka kwa nusu ya mwendo huo, joto ni lile lile lakini breki zimepewa muda mara mbili wa kulitema.

Breki zikizidiwa, mambo matatu hutokea kwa pamoja. Kwanza, shuu zilizopata moto kupita kiasi hupoteza msuguano. Unakanyaga kwa nguvu ile ile na lori halishiki. Pili, dramu yenye joto hutanuka na kusogea mbali na shuu, kwa hiyo breki ambayo haikukazwa vizuri gereji hubaki haifiki. Tatu, kila unapokanyaga unatumia upepo, na ukikanyaga mara nyingi mfululizo, kompresa haiwahi kujaza matangi. Dereva anahisi haya yote kama jambo moja: pedeli inaenda chini na lori linaenda mbele.

Dalili huja kabla. Harufu ya kuungua inayoingia dirishani. Moshi mwembamba kwenye magurudumu ya tela unaouona kwenye kioo cha pembeni. Pedeli inayotaka mguu mzito zaidi kwa kazi ile ile uliyoifanya kona iliyopita. Ukiona moja kati ya hizo, usijiambie kuwa mteremko unakaribia kwisha. Simama mahali pa kwanza panapokubali, wakati breki bado zina uwezo wa kusimamisha.

Jua mlima unakukuta na mzigo gani

Njia ya TANZAM ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ili Zambia ipate mlango wa bahari, na hadi leo mzigo wake una mwelekeo. Mafuta, mbolea na makontena hupanda kutoka Dar es Salaam. Shaba ya Zambia na Kongo hushuka kwenda bandarini. Maana yake, mlima mmoja unakuwa milima miwili. Kitonga, huko Kilolo mkoani Iringa, kwa tanki la mafuta linalokwenda Tunduma ni kazi ya kupandisha. Kwa semi iliyobeba shaba ikirudi Dar, ni mteremko wa kona baada ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande mwingine. Kule Mbeya mambo yanageuka: anayekwenda Tunduma na mafuta ndiye anayeshuka na uzito. Jiji la Mbeya liko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na uwanja wa ndege wa Songwe uko kwenye mita 1,300 na ushee, na kati yao kuna Iwambi na Mbalizi, kwenye nyumba, masoko, bodaboda na wanafunzi wanaovuka. Kitonga ukikosea unaumia wewe na walio karibu nawe barabarani. Mbalizi ukikosea unaingia kwenye mji.

Mzigo nao una tabia yake. Shaba ni mzigo mfupi kwa kimo lakini mzito mno. Usipofungwa kwa minyororo ukabanwa mbele na nyuma, breki moja ya nguvu inaweza kuutuma mbele kuelekea kichwani. Mbao za Mafinga na marobota ya pamba hukaa juu, kwa hiyo kitovu cha uzito kinapanda na kona inayochukuliwa na lori jingine kwa kilomita 30 kwa saa wewe huiwezi. Tanki lililojaa nusu lina matatizo zaidi kuliko lililojaa kabisa, maana mafuta hukimbia mbele unapofunga breki na hukimbilia pembeni unapokata kona, yakiusukuma mwili wa gari baada ya wewe kudhani umemaliza.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake. Ukipita mizani salama, usidhani umeruhusiwa na mlima. Mizani hupima uzito, haipimi breki.

Ukaguzi wa upepo kabla ya safari

Kazi hii haihitaji fundi, inahitaji subira.

1. Fungua vali za matangi ya upepo na utoe maji. Maji yakijaa humo yanachukua nafasi ya upepo na kuozesha chuma kwa ndani. Fanya hivi kila siku ya safari.

2. Washa injini hadi matangi yajae na usikie upepo wa ziada ukitoka. Weka kabari kwenye magurudumu, zima injini, achia breki ya mkono, kisha kanyaga pedeli hadi mwisho na uishikilie dakika moja nzima huku ukitazama geji. Kwa kichwa na tela, upepo usishuke zaidi ya takriban ba 0.3 ndani ya dakika hiyo. Ukishuka zaidi kuna mahali panavuja. Mwambie utingo atembee taratibu kando ya gari akisikiliza; mvujo unasikika vizuri zaidi injini ikiwa imezimwa.

3. Endelea kukanyaga na kuachia hadi taa au kengele ya upepo mdogo ilie. Inapaswa kulia kabla geji haijashuka chini ya ba 4. Usiyoisikia leo hutaisikia mlimani.

4. Tazama mipira ya upepo kati ya kichwa na tela. Isisuguane na chuma, isiwe na nyufa, na vichwa vyake vishikane sawasawa.

5. Hakikisha breki za tela zinafanya kazi. Ukipokea tela kutoka kwa dereva mwingine, usimwamini kwa mdomo. Wapo wanaozifunga kwa sababu chemba inavuja na fundi hayupo. Tela lisilo na breki linaachia kichwa kazi ya magari mawili, na kwenye kona linakisukuma kutoka nyuma.

6. Breki zikazwe na mtu anayejua, magurudumu yote kwa siku moja. Kukaza upande mmoja tu kunaifanya breki hiyo ifanye kazi ya wenzake, ipate moto peke yake, na gari livute upande mmoja.

Juu ya mlima: simama

Hapa ndipo penye thamani ya mwongozo mzima. Kabla ya mteremko mrefu, tafuta mahali mapana, egesha nje ya njia, na ushuke. Kwa anayetoka Iringa na mzigo kwenda Dar, Ilula ni mahali pazuri pa kuifanya kazi hii, maana Kitonga iko mbele na bado una uhuru wa kubadili mpango.

Zunguka gari kwa miguu. Sogeza mgongo wa kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa, gurudumu moja baada ya jingine, na ulinganishe. Ulikuwa ukifunga breki kwenye vilima vidogo vya njiani, kwa hiyo magurudumu yote yanapaswa kuwa na uvuguvugu unaolingana. Rimu inayotoa joto kali peke yake ni breki inayokamata bila kuambiwa, au inayofanya kazi ya wenzake. Rimu iliyo baridi kabisa kati ya zenye joto ni mbaya zaidi: breki hiyo haipo, ingawa chuma chake kipo. Ukikuta tatu za namna hiyo kwenye tela, una tela lililopoteza sehemu kubwa ya breki ambazo karatasi zinasema unazo.

Kama utingo wako ni kijana anayejifunza, mpe kazi hiyo naye, kisha mlinganishe majibu. Atakayezoea kuhisi joto la rimu akiwa utingo hatasahau akikabidhiwa usukani.

Ukiwa chini bado, gusa minyororo na kamba za mzigo, tazama matairi, na uamue mambo matatu: utashuka na gia gani, kwa mwendo gani wa juu kabisa, na utasimama wapi ikibidi. Yaamue kwa sauti, utingo asikie. Uamuzi aliousikia mwenzako ni mgumu kuubadili kimyakimya katikati ya mlima kwa sababu basi linapiga honi nyuma.

Namna ya kushuka

Ingiza gia ndogo kabla lori halijaanza kuinama. Wazee wa barabara walifundisha kushuka na gia ile unayopandia. Ilikuwa kanuni nzuri kwa malori ya zamani. Malori ya sasa yanaserereka kwa urahisi zaidi na yana injini zenye nguvu, yanapanda na gia kubwa kuliko yalivyopanda ya zamani, kwa hiyo mara nyingi utahitaji gia ndogo zaidi ya ile uliyopandia. Ukiwa na shaka kati ya gia mbili, chukua iliyo ndogo. Kosa la gia ndogo mno ni kuchelewa, na kuchelewa kunalipika.

Washa breki ya eksozi au ritada tangu mwanzo. Breki ya injini hufanya kazi vizuri zaidi mizunguko ikiwa juu, ndani ya kiwango ambacho saa ya mizunguko inaruhusu, kwa hiyo usiogope sauti ya injini inayolia kwenye gia ndogo. Hiyo ndiyo breki isiyochoka. Kama gari lako linabadili gia lenyewe, liweke kwenye hali ya kuchagua kwa mkono, la sivyo linaweza kupandisha gia mahali ambapo hukutaka.

Breki za miguu ni msaidizi tu. Chukulia umeamua mwendo usizidi kilomita 25 kwa saa. Ukifika 25, kanyaga kwa uthabiti hadi ushuke kwenye 17 au 18, kisha achia kabisa. Acha lori lipande tena taratibu hadi 25, rudia. Ukiegemeza mguu kidogo kwenye pedeli mteremko mzima, shuu hazitoki kwenye dramu hata sekunde moja na joto halina mlango. Ukipampu harakaharaka, unamaliza upepo. Kanyaga, shusha, achia.

Usijaribu kubadili gia kwenda ndogo katikati ya mteremko mkali. Ukikanyaga klachi na gia mpya ikakataa kuingia kwa sababu magurudumu yanazunguka haraka kuliko injini inavyokubali, utakuwa umebaki bila gia ya zamani wala mpya. Ukiona gia uliyochagua haitoshi, simama kwa breki wakati bado zinashika, kisha anza upya na gia ndogo.

Hesabu ya muda ni nyepesi. Mteremko wa kilomita 10 kwa mwendo wa 40 unachukua dakika 15. Kwa mwendo wa 20 unachukua dakika 30. Mzozo wote wa kuharakisha mlimani, honi zote na matusi yote, ni kwa ajili ya robo saa.

Habari ya kutoa gia

Wapo wanaotoa gia na kuacha lori liserereke, wengine wakiita kupiga fri. Sababu yake inajulikana: mafuta yanayobaki kwenye tanki mwisho wa safari yana bei, na posho haitoshi. Tuizungumze kama watu wazima basi. Injini nyingi za dizeli za kisasa, zikiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, hukata kabisa dizeli wakati wa kushuka. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukitoa gia, injini inalazimika kujizungusha yenyewe na inaanza kunywa. Yaani kwenye gari la namna hiyo, anayeserereka mteremkoni anachoma mafuta zaidi ya aliye kwenye gia, na ametupa breki yake kubwa kuliko zote.

Barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, kipande cha Salgaa, Sachangwan na Migaa, imejenga jina baya kwa sababu mteremko wake ni mrefu bila kutisha macho. Kitonga inakuonya yenyewe; ukiona korongo unapunguza. Mteremko mpole na mrefu unakubembeleza utoe gia, hadi mwendo unakuwa mkubwa kuliko breki. Ogopa zaidi mlima usiotisha.

Kupandisha nako kuna ajali zake

Anayepanda amelemewa, hana mwendo, na amezungukwa na wenye haraka. Ingia mlima ukiwa na gia utakayoimaliza nayo kona ngumu, maana kukosa gia juu ya kona kunamaanisha kurudi nyuma. Tazama geji ya joto la injini. Acha nafasi kubwa kati yako na lori la mbele; likishindwa na kurudi nyuma hata mita chache, uwe na mahali pa kulikwepa.

Usiovateki lori jingine kwenye kona ya mlima hata kama linakwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Indiketa ya kulia ya lori la mbele kwa kawaida inakuambia usipite, na ya kushoto inakukaribisha. Ni adabu nzuri ya barabara, lakini aliye mbele anaona kona yake, haoni urefu wa gari lako wala nguvu ya injini yako. Uamuzi ubaki kwako.

Gari likikataa kwenye mwinuko, funga breki ya mkono, elekeza magurudumu ya mbele kwenye ukuta wa mlima, na utingo aweke kabari nyuma ya magurudumu kabla hujaachia pedeli. Kabari iwe ya kweli, kipande cha mti kilichochongwa au cha chuma, kinachosafiri na gari. Jiwe la kuokota hupasuka au huviringika. Weka hazadi na pembetatu za tahadhari. Matawi ya miti barabarani yanaeleweka na kila dereva wa Kiafrika na ni nyongeza nzuri, ila usiku hayaakisi mwanga. Kama umekwama baada ya kona, alama ya kwanza ikae kabla ya kona. Atakayeiona akiwa ameshaingia kwenye kona hana cha kufanya nayo. Ukiondoka, ondoa matawi na mawe yako yote.

Mvua, ukungu na usingizi

Mufindi na Makambako, na vilima vya Mbeya, vina ukungu ambao unaweza kukuacha ukiona mistari ya barabara na si zaidi. Washa taa za chini, maana taa kubwa humulika ukungu wenyewe na kukurudishia mwanga machoni. Kama huoni umbali ambao unaweza kusimama ndani yake, toka barabarani usubiri.

Kwenye barabara yenye maji, breki ya eksozi inashika magurudumu yanayoendesha peke yake. Lori tupu lenye matairi yaliyoisha linaweza kuteleza hapo na tela likakunjana na kichwa. Punguza nguvu ya ritada, punguza mwendo mapema zaidi, na uache magurudumu yote yashirikiane.

Usingizi ni wa kulalwa tu. Kahawa, mirungi na redio ya sauti kubwa vinakuweka macho wazi huku akili ikichelewa, na mlima hauna nafasi ya akili inayochelewa. Usiku wa manane juu ya Kitonga ukijikuta hukumbuki kijiji ulichopita, umeshasinzia. Egesha.

Breki zikikataa

Umefanya yote na bado limekataa. Una sekunde chache na kazi zenye mpangilio.

Usizime injini. Ukizima, usukani unakuwa mzito na kompresa inasimama. Usitoe gia. Acha eksozi ifanye kazi na usijaribu kitu chochote kitakachokuacha bila gia. Honi mfululizo, taa zote, hazadi. Anayekuona mapema anaweza kukupisha.

Vuta breki ya mkono kidogo kidogo kama gari lako linaruhusu. Ukiifunga yote kwa mpigo ukiwa kwenye kasi, magurudumu ya nyuma yatajifunga na gari litageuka. Kumbuka pia kuwa hutumia dramu zile zile zilizochoka, usiitegemee kufanya miujiza.

Tafuta mahali pa kumalizia mwendo mapema, kabla haujawa mkubwa. Kama kuna njia ya dharura yenye kokoto, ingia bila kusita, imejengwa kwa ajili yako. Kama haipo, njia ya pembeni inayopanda, shamba, au ukuta wa mlima ambao unaweza kuusugua kwa ubavu wa gari, kila mguso ukila kasi. Mzigo na bodi vina bei inayojulikana. Dereva anayeogopa kukwaruza gari la tajiri kilomita ya kwanza huligonga basi kilomita ya tatu. Tarehe 30 Juni 2023, kwenye makutano ya Londiani nchini Kenya, lori lililopoteza mwelekeo liliwaparamia wafanyabiashara na abiria pembeni mwa barabara na kuua zaidi ya watu 50. Miteremko mingi huishia kwenye makutano, na kwenye makutano ndiko watu wanakopanga meza zao za nyanya.

Likishapinduka

Kama ni tanki la mafuta, hatari ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Sachangwan, tarehe 31 Januari 2009, na Msamvu mjini Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu walikimbilia kuchota mafuta ya tanki lililopinduka, moto ukalipuka, na kila mahali walikufa zaidi ya 100. Ukiweza kusimama, kazi yako ya kwanza ni kuwafukuza watu na kuzuia sigara, pikipiki na simu za kupiga picha karibu na mafuta. Ita watu wazima wa kijiji, mwenyekiti au balozi, wakusaidie, maana sauti ya mgeni aliyejeruhiwa haitoshi. Tanzania piga 112 Polisi na 114 Zimamoto, ukitaja kijiji, upande wa kona na aina ya mzigo.

Hata kama hukupinduka, ukifika chini na magurudumu yanatoa moshi, usiyamwagie maji. Dramu ya moto ikipata maji ya ghafla hupasuka. Egesha mahali tambarare, weka kabari badala ya kufunga breki ya mkono kwenye dramu zinazoungua, simama mbali na ubavu wa matairi kwa sababu tairi lililopikwa linaweza kulipuka, na usubiri yapoe yenyewe.

Simu ya tajiri

Sehemu kubwa ya haya unaijua. Kinachokushinda mara nyingi ni simu. Mzigo unasubiriwa, meli inaondoka, na sauti upande wa pili inauliza umefika wapi. Jizoeze kujibu kwa maelezo ya chuma, bila hasira na bila kuomba radhi:

"Bosi, shikamoo. Niko Ilula. Tela ekseli za nyuma, dramu mbili baridi kabisa na moja inaunguza. Sishuki Kitonga mpaka fundi azikaze."

"Marahaba. Sasa si ushuke taratibu tu? Mzigo unasubiriwa bandarini."

"Taratibu ndiyo nashuka siku zote, bosi. Leo breki zenyewe ndizo hazipo. Nakutumia picha na bei ya fundi."

Piga picha, tuma ujumbe wa maandishi, weka kumbukumbu ya saa. Nunua daftari dogo likae kwenye kichwa cha gari: tarehe, mlima, gia uliyoshukia, gurudumu lililopata moto, siku breki zilipokazwa na nani alikaza. Daftari hilo litamsaidia fundi kuliko maelezo ya mdomo, litamsaidia dereva atakayepokea gari baada yako, na likitokea la kutokea litaonyesha uliripoti nini na lini.

Na wewe tajiri unayesoma mwongozo huu: uamuzi wa mteremko hauanzii Ilula, unaanzia ofisini kwako. Ukimlipa dereva kwa kuwahi, unamnunulia gia kubwa. Ukimkata posho kwa saa mbili alizosubiri fundi, safari ijayo hatasubiri. Kukaza breki na kubadili shuu kunagharimu sehemu ndogo ya bei ya tela moja, sembuse kichwa, mzigo na kesi. Weka kwenye hesabu ya kila safari muda wa kusimama juu ya mlima na fedha ya fundi wa njiani, mkabidhi dereva mkononi kabla hajaondoka, na umwambie mbele ya utingo wake kuwa akisema hashuki, hashuki.